AFP ya baba, AFP ya mtoto: jeni za ukuaji zinahusikaje na saratani ya ini?

*Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu amefariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 54. Alikuwa mkulima wa mahindi na karanga Chemba, pombe hakuwahi kunywa. Kwenye karatasi zake kumeandikwa AFP 2,300, na mhudumu wa maabara akaniambia hiyo ni protini ya mtoto aliye tumboni. Nikasoma mtandaoni kwamba saratani ya ini inatokana na jeni za ukuaji, zile zinazofanya kazi mimba ikiwa changa. Je, baba alizaliwa nayo? Mimi nina miaka 31, mdogo wangu 26, sote tunaishi Dodoma mjini. Nina binti wa miezi 4. Nilimpima AFP ikatoka 74 na alama ya kwamba iko juu, sijalala tangu siku hiyo. Kuna mtu anatushawishi tutume mate nje ya nchi tupimwe jeni familia nzima. Tufanye nini?*

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Nianze na binti, maana ndiye anayekunyima usingizi. AFP ya 74 kwa mtoto wa miezi 4 ni ya kawaida. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na AFP ya makumi ya maelfu ya nanogramu kwa mililita. 40,000 au 50,000 si ajabu. Wiki za mwanzo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 au 6, kisha mwendo unapoa, na wengi hufika kiwango cha mtu mzima, yaani chini ya 10, wakikaribia mwaka mmoja au wakiwa wameuvuka. Katika mwezi wa 5 watoto wazima kabisa hukutwa na namba za kuanzia 2 hadi karibu 200. Alama ile imewekwa kwa sababu majibu yalilinganishwa na kiwango cha watu wazima, na hakuna aliyetazama tarehe ya kuzaliwa. Kosa hili hutokea mara nyingi, na limeshawatuma watoto wengi kwenye vipimo visivyo na sababu. Angalia pia kipimo chenyewe kimeandikwaje: maabara nyingine hutoa majibu kwa ng/ml, nyingine kwa IU/ml, na IU 1 ni kama nanogramu 1.2. Hata ikiwa yako ni IU, bado binti yuko salama.

Ipo saratani ya ini ya watoto, hepatoblastoma, na huwapata zaidi walio chini ya miaka 3. Ni adimu. Kwa kawaida AFP yake huwa maelfu mengi hadi mamia ya maelfu, na mzazi au nesi hugusa kitu kigumu upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Mpeleke binti kliniki kama kawaida, omba tumbo lake lipapaswe, na likiwa laini acha hapo. Ukitaka moyo utulie kabisa, rudieni AFP baada ya wiki 6 hadi 8 kwenye maabara ileile. Inatakiwa iwe imeshuka. Ikiwa imepanda, hapo ndipo utrasaundi ya tumbo inahitajika bila kuchelewa.

Sasa mzee. Ulichosoma si uongo, ila kimesemwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayobadilisha cha kufanya.

Ini huanza kuchipuka kwenye utumbo wa mbele wa kiinitete mnamo siku ya 22 baada ya mimba kutungwa, mama mwenyewe pengine hajajua kama ni mjamzito. Moyo unaokua jirani hutoa vichocheo vya jamii ya FGF, na tishu itakayochangia kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) hutoa vya jamii ya BMP. Seli za utumbo zilizo karibu huvipokea na kuanza kugeuka seli za ini. Baada ya hapo kuna njia ya ishara iitwayo Wnt inayozihimiza kugawanyika, kuna IGF2 inayosukuma ukubwa, kuna Notch inayoamua zipi ziwe mirija ya nyongo, na HNF4A inayozikomaza ili zifanye kazi za ini la mtu mzima. AFP nayo hutengenezwa kwa wingi wakati huo; ndiyo protini kuu kwenye damu ya kijusi kabla albumini haijachukua nafasi hiyo. Mtoto akishazaliwa, jeni ya AFP hufungwa. Kazi hiyo hufanywa na protini za kuzima jeni, na zilizochunguzwa sana kwenye panya ni ZBTB20 na ZHX2.

Kwa hiyo jeni hizi kila mtu anazo, aliyepata saratani na atakayekufa uzeeni kwa jambo jingine kabisa. Mmeshaona Chemba mahindi yaliyocheleweshwa shambani, mvua ikayakuta, yakaota yangali kwenye gunzi. Kuota si kasoro ya mbegu, kila punje ina uwezo huo. Kilichokosewa ni wakati na mahali. Seli ya saratani ya ini hufanya vivyo hivyo: inafungua tena maagizo ya kukua ambayo yalitakiwa kubaki yamefungwa tangu utotoni. Baba hakuzaliwa na saratani. Alizaliwa na jeni za kujenga ini kama sisi sote, na baadaye maishani kuna kitu kilichovunja kufuli.

Tena si zote zinazofungwa moja kwa moja. Wnt huendelea kufanya kazi kwenye ini la mtu mzima, katika seli zinazouzunguka mshipa wa kati wa kila kipande kidogo cha ini. Mtu akikatwa sehemu kubwa ya ini, lililobaki hukua tena kwa wiki na miezi, na baadhi ya njia hizi huamka kwa muda, zikamaliza kazi, zikalala. Ndiyo maana dawa ya kuzizima tu haijapatikana kirahisi: ukizima Wnt mwili mzima unaumiza utumbo na mifupa, ambavyo vinaitegemea kila siku.

Kufuli huvunjwaje? Kwa mtu wa Dodoma vijijini, wawili wa kutazamwa kwanza ni virusi vya homa ya ini B na sumukuvu.

Virusi vya homa ya ini B huishi ndani ya seli za ini kwa miongo. Kinga ya mwili huziua seli zilizoambukizwa, nyingine huzaliwa kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kwenye DNA. Zaidi ya hapo, vipande vya DNA ya virusi hujichomeka ndani ya DNA ya mtu. Sehemu vinapokutwa mara nyingi kwenye uvimbe ni karibu na jeni ya TERT, ile inayoipa seli uwezo wa kugawanyika bila kuchoka. Jeni hiyo huwa hai kwenye kiinitete na hunyamazishwa kwenye ini la mtu mzima. Virusi vikitua hapo, inaamka. Ndiyo sababu homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kwa mtu ambaye ini lake halijasinyaa na ambaye hajawahi kujisikia mgonjwa.

Sumukuvu ya kundi B1, inayotoka kwenye kuvu wa mahindi na karanga, ikifika kwenye ini hubadilishwa na vimeng'enya kuwa kemikali inayojishika kwenye DNA. Alama yake inajulikana vizuri: hubadilisha herufi moja kwenye kodoni (neno la herufi tatu za DNA) ya 249 ya jeni ya TP53, jeni inayolinda seli zenye DNA iliyoharibika zisiendelee kugawanyika. Na vitu hivi viwili havijumlishwi, vinazidishana. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta sumukuvu peke yake inaongeza hatari ya saratani ya ini kama mara 3, virusi peke yake mara 7, na vyote pamoja karibu mara 60. Mtu anayekula mahindi yenye sumukuvu huku ana virusi hivyo hahitaji kugusa pombe.

Ulinzi ukishadhoofika, njia za ukuaji zinapata mwanya. Mfano mzuri ni beta-katenini, mjumbe wa njia ya Wnt. Katika seli tulivu, kundi la protini likiwemo APC na AXIN1 humkamata na kumpeleka avunjwevunjwe. Jeni yake, CTNNB1, ikibadilika mahali pale anapokamatiwa, au AXIN1 ikiharibika, beta-katenini hujaa kwenye kiini cha seli na kuamuru ukuaji usiokoma. CTNNB1 hukutwa imebadilika kwenye takriban robo hadi theluthi ya saratani za ini za watu wazima, na kwenye hepatoblastoma nyingi. Jambo ambalo maelezo ya mtandaoni hulipita: uvimbe wa CTNNB1 mara nyingi hufanana bado na ini lililokomaa na AFP yake huwa ndogo. Uvimbe unaotokana na homa ya ini B huelekea zaidi kundi jingine, lenye TP53 au AXIN1 iliyoharibika, ambamo AFP, IGF2 na jeni nyingine za kijusi zimefunguliwa kwa wingi. AFP ya 2,300 inaendana na picha hiyo, ingawa namba hiyo peke yake haithibitishi chanzo.

Hapa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Baadhi ya jeni hizi husukuma saratani: TERT, CTNNB1, IGF2. Nyingine kwa sehemu kubwa ni alama tu kwamba seli imerudi utotoni, na AFP tunaitumia hivyo. Glipikani-3 nayo ni protini ya ini la kijusi. Mtaalamu wa patholojia huitafuta kwenye kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa sindano ili kutofautisha saratani na ini lililosinyaa, na kuna tiba zinazojaribiwa za kuilenga. AFP si mdanganyifu, ila si hakimu. Takriban theluthi ya wenye saratani ya ini wana AFP ya kawaida, hasa uvimbe ukiwa mdogo, na upande wa pili hupanda kwa mjamzito, kwa mwenye homa ya ini iliyochachamaa na kwenye baadhi ya saratani za korodani.

Sasa hilo la mate. Mabadiliko niliyoyataja yametokea ndani ya seli za ini la baba, miaka mingi baada ya kuzaliwa kwake. Hayakuwa kwenye mbegu zake za uzazi, kwa hiyo hamkuyarithi na hayatakuwa kwenye mate yenu. Kipimo cha mate husoma jeni mlizozaliwa nazo, na majibu yakirudi safi yatawapa amani ya uongo: unaweza kuwa na jeni safi na virusi mwilini. Yapo magonjwa ya kurithi yanayoongeza hatari ya saratani ya ini, kama ugonjwa wa madini ya chuma kujaa mwilini au upungufu wa alfa-1 antitripsini, lakini hayo huonyesha dalili nyingine na hupimwa kwa sababu maalumu. Kwa watoto, wanaohitaji ufuatiliaji wa karibu ni wale waliozaliwa na ulimi mkubwa kupita kiasi, upande mmoja wa mwili umezidi mwingine, au kwenye familia yenye vinyama vingi vya utumbo mpana. Kama hakuna hayo kwenu, kaeni na pesa yenu.

Kinachotembea kwenye familia ni virusi na chakula cha ghala moja. Umeniandikia AFP ya mzee lakini hukuandika HBsAg yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana virusi vya homa ya ini B, na hiyo ndiyo niliyoitafuta kwanza. Tafuta kwenye karatasi zake. Kwetu Afrika wengi huambukizwa utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao kabla ya miaka 5. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Wewe na mdogo wako mlizaliwa kabla, kwa hiyo msidhani mlichanjwa.

Nyote pamoja na mama na mke wako mpimwe HBsAg. Ni tone la damu la kidoleni, majibu ndani ya nusu saa, na unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, Makole kwa mfano, badala ya kukimbilia hospitali ya rufaa. Asiyekuwa na virusi achanjwe dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wengi huishia dozi ya pili. Kadi ya binti ioneshe chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake imo ya homa ya ini B, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ikiwa mama yake atakutwa na virusi, binti naye apimwe HBsAg, lakini asubiri afikishe miezi 9.

Atakayekutwa navyo asiogope, ila asikae. Aombe ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia), hesabu ya chembe sahani za damu, kreatinini ya kupima figo, kipimo cha VVU na utrasaundi ya ini; wingi wa virusi upimwe inapowezekana. Kutokana na hivyo daktari hukokotoa namba iitwayo APRI: AST igawanywe kwa kiwango cha juu cha kawaida, izidishwe kwa 100, igawanywe kwa chembe sahani. Mwenye AST 60 pale ambapo kikomo ni 40, na chembe sahani 150, anapata 1.0. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaruhusu mtu mzima aanze dawa akizidi 0.5. Na hapa pana jambo linalowahusu ninyi hasa: mwongozo huohuo unaruhusu mwenye virusi ambaye familia yake imepata saratani ya ini aanzishiwe dawa bila kusubiri namba hizo zipande. Mtaje baba yenu kwa sauti mkiwa mbele ya daktari, asije akawaambia tu "rudi mwakani".

Dawa ya kawaida ni tenofoviri, kidonge kimoja cha miligramu 300 kwa siku, kwa miaka. Inapunguza hatari ya saratani, haiifuti. VVU vipimwe kabla ya kuanza, kwa sababu kumpa mwenye VVU tenofoviri peke yake kunazalisha usugu. Na asiiache ghafla akijisikia vizuri: virusi hurudi kwa kishindo na ini linaweza kufeli.

Mwenye virusi ambaye mzazi wake alikufa kwa saratani ya ini afanyiwe utrasaundi na AFP kila miezi 6, na kwa umri wenu nisingesubiri miaka 40. Miezi 6 imechaguliwa kwa sababu uvimbe wa ini mara nyingi huongezeka maradufu ndani ya miezi 4 hadi 6, hivyo tunaukuta ungali mdogo wa kukatwa au kuunguzwa kwa sindano ya joto. Nenda ukiwa hujala kwa saa 6, tumia maabara ileile, tunza karatasi zote. AFP iliyovuka 20, au inayopanda kutoka 6 hadi 11 hadi 18, inahitaji maelezo. Hapo huombwa siti skani yenye dawa ya mshipani, ambayo mara nyingi hutosha kuthibitisha saratani kwenye ini lililosinyaa au lenye homa ya ini B ya muda mrefu bila kuchoma sindano ya biopsi.

Kuhusu ghala la mama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu zaidi ya kumi mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa, kwa hiyo hili si la vitabuni. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu uwe asilimia 13 au chini. Bila mashine, chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, jaza mahindi theluthi, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu itakudanganya, kwa hiyo ikaange kidogo kwanza. Chagueni na kutupa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, na karanga zilizosinyaa, maana sumu hukaa zaidi humo. Kukoboa kabla ya kusaga kunapunguza sana. Kupika ugali hakuiui, hata ukichemka saa nzima. Hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja. Na punje mbovu msizipeleke kwenye pombe ya kienyeji wala kwa kuku, sumu inarudi kwa njia hiyo.

Msisubiri miezi 6 mkiona macho ya njano, tumbo kujaa maji, maumivu au uvimbe chini ya mbavu za kulia, au mwili kupungua bila sababu. Mwombe daktari rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa wiki hiyohiyo. Kwa kutapika damu au kuchanganyikiwa, nendeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Dawa za mitishamba za kusafisha ini ziacheni, nyingine zenyewe huliharibu na kuvuruga namba za ALT. Siku ya kwenda kupimwa chukueni karatasi za mzee zote, hasa HBsAg na majibu ya utrasaundi. Mkikuta HBsAg yake haikupimwa, mwanzieni mama, kwa sababu majibu yake yatatuambia mengi kuhusu ninyi wawili.